Mkono, matone, boya au pampu? Kutuliza chumvi ya tangi la bahari ukiwa Lubumbashi

Mtu anayefuga samaki wa bahari Lubumbashi, mji ulio zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani yoyote, huulizwa swali lilelile na kila mgeni anayeingia sebuleni: "Ile chumvi unatoshaka wapi?" Swali si baya, lakini haligusi penye shida. Chumvi ikishayeyuka ndani ya tangi imefika, haiendi popote. Kinachoondoka ni maji. Yanapaa usiku na mchana, kimyakimya, na kila lita inayopaa inaiachia chumvi yake ile iliyobaki.

Tufanye hesabu. Chukua tangi lenye lita 200 za maji halisi, chumvi ikiwa 35 kwa elfu, yaani gramu 35 kwa kila kilo ya maji, kama bahari yenyewe. Linapoteza lita mbili kwa siku. Kesho yake chumvi imepanda hadi 35.35, na hakuna samaki atakayejua. Ukilisahau wiki nzima, zimeondoka lita 14 na chumvi imefika 37.6. Jumapili unakumbuka, unamimina ndoo kwa dakika mbili, inarudi 35 kwa kishindo. Samaki klauni atavumilia. Uduvi, konokono na matumbawe hawana njia ya kujikinga na chumvi inayopanda na kushuka, na hao ndio hulipa.

Upotevu wenyewe haufanani mwaka mzima. Kwetu hewa inaanza kukauka mwezi wa tano, na Juni na Julai usiku unakuwa wa baridi kweli. Hita inashikilia maji kwenye nyuzi 25 wakati chumba kiko chini sana ya hapo; maji ya uvuguvugu katika hewa baridi na kavu hupaa haraka kuliko unavyodhani. Septemba na Oktoba baridi imekwisha, joto limeingia, hewa bado kavu, na wengi wetu tunawasha feni juu ya tangi kulipoza, yaani tunalitoa joto na malipo yake ni maji. Mvua zikishika, hewa inajaa unyevu na kiu ya tangi inapungua. Tangi langu linalokunywa lita moja na nusu Januari huomba zaidi ya tatu mwezi wa tisa. Njia uliyoipanga wakati wa mvua usishangae ikikuangusha kiangazi.

Njia za kurudisha maji hayo ni nne ambazo nimeziona zikifanya kazi katika nyumba za hapa: mkono na jagi, matone ya mrija wa serumu (ule wa dripu ya hospitali), vali ya boya, na pampu yenye sensa. Zote nimeshaishi nazo, moja baada ya nyingine, na mara mbili kwa pamoja.

Vipimo vya kulinganishia

Kila njia nimeiuliza maswali manne. Chumvi inatembea kiasi gani kati ya asubuhi na asubuhi? Umeme wa SNEL, shirika la umeme la nchi, ukikatika kunatokea nini, na ukirudi je? Kifaa au mtu akikosea, kosa linaweza kufika wapi? Na vipuri vinapatikana mjini, au ni kusubiri mpaka ndugu apite Kasumbalesa, mpakani na Zambia?

Mimi swali la tatu naliweka mbele ya mengine, wewe una haki ya kulipanga upya. Wauzaji hueleza jinsi kifaa kinavyofanya kazi siku njema. Siku njema njia zote nne hushikilia chumvi vya kutosha. Zinaachana siku mbaya.

Kwanza maji yenyewe

Kinachorudishwa ni maji matamu, yasiyo na chumvi hata chembe, kwa sababu chumvi haikuondoka. Hili linasikika jepesi, lakini kisa cha bidoni (madumu) zangu mbili, hapo chini, kitakuonyesha.

Maji hayo yasiwe ya robine, yaani bomba la nyumbani, moja kwa moja. Tangi la lita mbili kwa siku hunywa lita 200 katika siku 100. Kwa miezi mitatu na kidogo umemimina tangi zima la maji ya robine, na kila kilichokuwa ndani yake kimebaki: chokaa, nitrati, metali. Katika mji uliojengwa juu ya shaba, hilo si la kupuuza. Shirika la Afya Duniani linakubali hadi miligramu 2 za shaba kwa lita ya maji ya kunywa. Wanaotibu vimelea vya samaki wa bahari kwa shaba hutumia miligramu 0.15 hadi 0.20 hivi kwa lita, na dozi hiyo ndogo inatosha kuua uduvi na konokono. Kwa hiyo maji yanaweza kuwa salama kabisa kwa watoto wako na yakawa sumu kwa tangi lako, yawe ya REGIDESO, shirika la maji, au ya foraje (kisima cha kuchimbwa kwa mashine) ya jirani.

Njia ya uhakika ni kichujio cha osmosisi, kinachosukuma maji kupitia utando, kinachomalizia kwa resini. Kinataka presha, kwa hiyo mtaa ambao robine inalia matone utahitaji kipampu cha kukisukuma, na kwa kila lita safi kinamwaga lita tatu au nne. Hizo usizitupe, zinafua nguo na kunywesha bustani. Maji ya mvua ni mazuri ukiyakinga vizuri, ila mvua za kwanza ziache zioshe vumbi la miezi mitano juu ya mabati, na ujue mabati yenyewe hutoa zinki. Maji ya chupa mengi ni ya madini, jina linajieleza. Mita ndogo ya kupima vitu vilivyoyeyuka ndiyo hakimu: maji ya kujazia yasome sifuri au jirani yake.

Mkono na jagi

Unachora mstari kwenye kioo, na kila asubuhi unajaza hadi hapo. Ndiyo njia nzima.

Siri iko kwenye mahali pa kuchora mstari. Tangi la mita moja kwa sentimita 50 likipoteza lita mbili, maji yanashuka milimita nne tu. Jicho la mtu aliyeamka sasa hivi halizioni. Kama una tangi la chini, yaani tangi la pili chini ya lile la samaki ambamo maji hushuka na pampu huyarudisha juu, lenye chumba cha pampu cha sentimita 30 kwa 30, upotevu wote unajitokeza humo, na lita zilezile mbili zinashusha maji sentimita 2.2. Chora mstari hapo.

Ukijaza mara moja kwa siku, chumvi inatembea kati ya 35 na 35.35. Ukigawa asubuhi na jioni, nusu ya hapo. Matumbawe mengi yanaishi vizuri na hali hiyo, mradi usimimine juu ya vichwa vyao. Mimina polepole penye mkondo mkali.

Umeme ukikatika, mkono hauhitaji umeme. Kuna mtego mmoja tu. Pampu ikisimama, maji ya tangi la juu hushuka hadi kwenye tangi la chini na mstari wako unafunikwa. Usijaze, usitoe, usipime. Subiri pampu izunguke tena.

Kosa la njia hii ni mtu. Kuna siku niliondoka kwa siku kumi, nikamwachia kazi mtoto wa dada yangu: lita tatu kila asubuhi kutoka kwenye bidoni ya manjano. Nilikuwa na bidoni mbili za manjano. Moja ya maji matamu, nyingine ya maji ya chumvi niliyochanganya kwa ajili ya kubadilisha. Niliporudi, kioo kilikuwa kinang'aa, mstari umefikiwa barabara, kijana amesimama pembeni anasubiri sifa. "Muyomba, nilitia sawa vile ulisema." Kweli alitia nilivyosema. Lita 30 za maji ya bahari, zaidi ya kilo moja ya chumvi, na kipimo kikasoma 40. Konokono wote walikuwa wamelala chini na hawakuamka. Kosa lilikuwa langu mia kwa mia: leo bidoni ya chumvi ina mkanda mwekundu, na maji ya safari nayagawa kabla sijaondoka katika chupa, moja kwa kila siku, jina la siku limeandikwa juu.

Gharama ni jagi. Vipuri ni jagi lingine. Njia hii inamfaa anayelala nyumbani kila siku na anayependa kulitazama tangi lake. Mwenye kutazama kila asubuhi huona pia samaki aliyekataa kula na hita iliyokufa, na hilo halimo kwenye bei ya kifaa chochote. Haimfai mwenye tangi dogo sana, kwa sababu lita 40 zikipoteza robo tatu ya lita kwa siku, chumvi inaruka karibu mara mbili ya ile ya tangi kubwa.

Matone ya mrija wa serumu

Mrija wa serumu unaouzwa duka la dawa una kigurudumu cha kubana na kichupa cha kuhesabia matone. Ile ya kawaida ya watu wazima, matone 20 ni mililita moja. Lita mbili kwa siku ni matone 28 kwa dakika. Tangi dogo la lita 0.7 kwa siku ni matone 10. Weka bidoni juu ya tangi, tumbukiza mrija, hesabu kwa saa ya mkononi, basi.

Kwa uthabiti, tone baada ya tone hakuna njia laini kuliko hii. Lakini ni njia kipofu. Boya na sensa vinaona maji yameshuka. Matone yanaendelea tu, siku ya mvua na siku ya jua. Na kadiri bidoni inavyopungua, uzito wa maji juu ya mrija unapungua na matone yanachelewa. Asubuhi ulihesabu 28, jioni unakuta 22. Ndiyo maana wanaoitumia vizuri huiweka kwenye robo tatu hivi ya upotevu, kisha wanamalizia kwa jagi. Hapo mruko wa mkono unabaki mdogo sana, na ukisahau siku mbili hakuna msiba.

Njia hii haihusiki na umeme kabisa. Ukatike kwa muda wa saa sita, matone yataingiza nusu lita, basi.

Ikiharibika, kuna mawili. Mrija ukiziba, unarudi kwenye hali ya tangi lililosahauliwa, polepole. Kigurudumu kikilegea, bidoni yote inaingia. Usiweke bidoni ya lita 20 juu ya tangi la lita 60. Weka chupa ya lita mbili. Kosa haliwezi kuzidi chombo.

Vipuri viko katika kila mtaa na bei yake haimwumizi mtu. Inamfaa mwenye tangi dogo, mwanafunzi, mpangaji wa chumba kimoja, na yeyote anayetaka kutuliza chumvi leo jioni kabla hajaamua anunue nini.

Vali ya boya

Hii ni ndugu ya boya la tangi la choo. Bidoni au pipa liko juu ya rafu, mrija unashuka hadi chumba cha pampu, na mwisho wake kuna vali ndogo yenye boya. Maji yakishuka milimita chache boya linalegea, maji yanaingia, yakipanda linafunga. Halina betri, halina waya.

Uthabiti wake ni wa kushangaza kwa kitu cha bei hiyo. Chumvi haitembei kiasi cha kuonekana kwenye refraktomita ya kawaida, kile kipimo cha chumvi kinachotumia mwanga. Kiangazi likiongezeka kiu, boya linafuata lenyewe. Mvua zikija, linapunguza. Umeme ukikatika, maji ya juu yanateremka, chumba kinajaa, boya linafunga. Ukirudi, kwa dakika moja hivi chumba kinashuka kuliko kawaida kabla maji ya juu hayajaanza kurudi, na boya linaweza kupenyeza kikombe cha maji. Kwa tangi la lita 200 si kitu. Kwa mtaa unaokatwa umeme mara sita kwa siku, vikombe hivyo vinajumlishwa, kwa hiyo tazama.

Siku yake mbaya ni boya kukwama likiwa wazi. Anayelikwamisha ni konokono aliyepanda kulala juu yake, au gamba la chumvi lililokauka kwenye kiungo. Hapo pipa lote linashuka. Bidoni ya lita 20 ikiingia yote kwenye lita 200, chumvi inatoka 35 hadi 31.8: siku mbaya, lakini wengi watapona. Pipa la lita 100, kwenye karatasi, linakuleta 23.3, kwenye sebule yako ni vibaya zaidi, kwa sababu maji yanafurika sakafuni yakibeba chumvi yako nayo. Watu huweka pipa kubwa ili wasijaze mara kwa mara. Naelewa. Mimi chombo changu hakizidi sehemu moja ya kumi ya maji ya tangi, na siku ya kulijaza nimeifanya siku ya kulisafisha boya kwa siki. Kuna wanaounganisha boya moja kwa moja na mrija wa kichujio, ili chombo kisiishe kamwe. Maana yake kosa nalo haliishi kamwe.

Jambo moja la mji huu: duka la vifaa vya ujenzi litakuonyesha boya imara la shaba njano, zito, linalodumu miaka. Mwachie fundi wa vyoo. Shaba njano ni shaba na zinki, na maji ya chumvi yanaila taratibu hadi imo kwenye tangi. Tafuta la plastiki tupu, hata pini ya kiungo.

Linamfaa mwenye tangi la chini, mwenye mahali pa kuweka chombo juu, anayeishi panapokatwa umeme mara kwa mara, na anayekubali kupiga magoti kila wiki kulitazama. Halimfai mwenye tangi lisilo na tangi la chini, isipokuwa avumilie kuliona boya limening'inia mbele ya samaki.

Pampu na sensa

Sensa ndogo inakaa kwenye usawa wa maji, iwe ya mwanga au ya boya dogo la swichi. Maji yakishuka, pampu ndogo ya volti 12 inasukuma maji kutoka chombo kilicho chini, na sensa inaizima. Vifaa vizuri vina sensa ya pili ya juu zaidi inayozima kila kitu ya kwanza ikidanganya, na kikomo cha muda: pampu ikizunguka kupita dakika kadhaa inasimama na kupiga kelele.

Kwa uthabiti na utulivu wa akili, siku njema, ndiyo njia nadhifu kuliko zote. Chombo kiko kabatini, hakuna bidoni juu ya rafu, mgeni haoni kitu. Sensa ya pili ni ulinzi ambao boya la kawaida halina.

Umeme ukikatika, inalala pamoja na vingine vyote, na hilo si tatizo. Tatizo ni umeme unaporudi. Ukirudi na volti za juu, adapta ndogo ndiyo ya kwanza kuungua. Bila kifaa cha kusawazisha volti, usiinunue. Fedha ya kifaa hicho ihesabu ndani ya bei.

Ikiharibika, kuna sura tatu. Mwani ukifunika sensa ya mwanga, inaona giza na kufanya maamuzi ya kipofu; ifute kila wiki. Konokono yuleyule wa boya anajua pia kukalia swichi. Ya tatu ndiyo inayowapata watu makini: mrija umezama ndani ya maji na chombo kimewekwa juu kuliko tangi. Pampu inazima vizuri, sensa inasoma vizuri, na maji yanaendelea kujivuta yenyewe hadi chombo kikauke. Mwisho wa mrija uwe hewani, juu ya maji, na chombo kiwe chini ya usawa wa tangi. Kikiwa chini sana kuliko mwisho huo, fizikia inakulinda.

Na vipuri? Hapa ndipo inapoachwa na wenzake. Kifaa chenyewe kitaagizwa, mara nyingi kutoka Afrika Kusini au kwa msafiri, na sensa ikifa utasubiri tena. Mwenye pampu na sensa awe na jagi na mstari tayari, kwa sababu siku hizo za kusubiri zipo. Inamfaa mwenye matumbawe ya gharama, mwenye kusafiri, mwenye umeme uliotulizwa kwa betri na inveta, na ambaye bei ya kifaa si kubwa kuliko bei ya wanyama walio ndani.

Ambacho hakuna njia inayokifanya

Njia zote nne zinalinda usawa wa maji. Hakuna hata moja inayoionja chumvi. Skima, kile kifaa kinachotoa uchafu kwa povu, ikitoa nusu lita ya maji machafu kwa siku, ile nusu lita ilikuwa na chumvi, na boya lako au pampu yako inaijazia kwa maji matamu bila kuuliza. Kwenye tangi la lita 200, baada ya mwezi mmoja chumvi imeshuka hadi 32.5 hivi, na mstari haujasogea. Vivyo hivyo kwa maji yanayorukia nje, na maji ya kubadilisha uliyochanganya kwa haraka bila kupima. Kwa hiyo mwenye njia ya kujiendesha anahitaji kupima zaidi kuliko mwenye jagi, kwa sababu macho yake yamepumzika.

Hidromita ya mkono wa plastiki, ambayo mkono wake hupanda chumvi ikizidi, ni rahisi, lakini kiputo kimoja cha hewa kikishika mkono kinaudanganya. Igonge kidogo kabla ya kusoma. Refraktomita ni bora, ikiwa imesahihishwa. Wengi huisahihisha kwa maji safi tu, kwenye sifuri, kisha wanaiamini kwenye 35, na kule inaweza kukosa kwa moja au zaidi. Kimiminika cha kusahihishia hakipatikani kirahisi hapa, lakini unaweza kukitengeneza: gramu 36.5 za chumvi ya kawaida ndani ya gramu 963.5 za maji safi, ukipima kwa mizani inayosoma hadi sehemu za gramu. Kwenye refraktomita ya maji ya bahari itasoma 35. Usiitumie kwa mita inayopima chumvi kwa umeme, hesabu yake ni nyingine. Na chumvi hiyo ni ya kusahihishia tu, isiingie kwenye tangi. Samaki wanahitaji mchanganyiko wenye kalsiamu na magnesiamu.

Ukikuta imepotoka, usiirudishe siku hiyohiyo. Kiwango cha moja kwa elfu kwa siku kinatosha, na ukiwa unaipandisha uwe mpole kuliko unapoishusha.

Kwa hali yako

Kama tangi ni la kwanza, la samaki tu, na unalala nyumbani: jagi, mstari, na refraktomita. Fedha iliyobaki iweke kwenye maji safi. Baada ya kiangazi kimoja utajua tangi lako linakunywa kiasi gani, na hakuna kifaa kitakachochaguliwa vizuri kabla ya namba hiyo.

Kama una tangi lisilofika lita 80, anza na matone, jagi likimalizia. Sensa kwenye tangi dogo si vibaya, ila chombo chake kiwe kidogo kulingana.

Kama unafanya kazi ya zamu migodini, wiki mbili Kolwezi au Fungurume na wiki mbili nyumbani, swali ni nani yuko nyumbani. Akiwepo mtu anayeweza kumimina chupa moja yenye jina la siku, njia hiyo ni salama kuliko kifaa kisichotazamwa. Asipokuwepo, pampu yenye sensa mbili na kikomo cha muda, ikiwa imeshafanya kazi mbele ya macho yako angalau mwezi mzima kabla ya safari. Lita tatu kwa siku kwa siku 14 ni lita 42, chombo kikubwa kuliko ninachokipenda. Ndiyo sababu kikomo cha muda hapo ni cha lazima. Punguza pia upotevu wenyewe: kioo cha kufunika sehemu kubwa ya tangi kinaokoa maji mengi Julai, ingawa Oktoba kinazuia joto kutoka, na hapo utakitoa.

Kama mtaa wako unakatwa umeme kila siku na huna inveta, boya la plastiki litakutumikia vizuri kuliko adapta utakazozika. Chombo kidogo, siki kila ukikijaza, konokono wasifike.

Kama una matumbawe ya mawe na umeme uliotulizwa, pampu na sensa zina nafasi yake. Kuna wanaoweka boya la plastiki kwenye mwisho wa mrija wa pampu, ili sensa ikidanganya boya lifunge. Hivyo ndivyo nilivyo sasa. Konokono mmoja hawezi kukalia vyote viwili kwa wakati mmoja, ingawa nimemwona akijaribu.

Na kama bado huwezi kuamua, weka mkanda wa karatasi kwenye kioo, andika tarehe na usawa kila asubuhi kwa siku saba, mara moja Januari na mara moja Septemba. Mkanda wangu wa mwaka wa kwanza bado umebandikwa nyuma ya tangi, wino umefifia, na ndio niliousoma kabla ya kununua kitu chochote.